Tusinunue SACD kabla ya kufundisha masikio

Seminari au parokia inapopata fedha kidogo kwa ajili ya muziki, hutokea wapenzi wa Palestrina na Bach wakapendekeza inunuliwe mashine ya SACD, wakisema CD zimepitwa na wakati. Kwa maoni yangu CD zinatosha, na fedha hizo zina kazi nyingine.

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982. Hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa hesabu hiyo hubeba mitetemo inayokaribia 22,000 kwa sekunde, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia kwenye 20,000 hivi, na la mzee huishia chini zaidi. Mwaka 1999 Sony na Philips walileta SACD, inayotumia biti moja tu lakini ikipima mara 2,822,400 kwa sekunde. DVD-Audio nayo ikaja na biti hadi 24. Kwa kutazama tarakimu, CD imeachwa mbali.

Masikioni mambo ni tofauti. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha utafiti katika jarida la Audio Engineering Society. Wasikilizaji walipewa muziki wa SACD na DVD-Audio, mara ukitoka moja kwa moja, mara ukiwa umeshushwa hadi kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Katika majaribio 554 walipatia 276. Mtu angerusha sarafu angepata matokeo kama hayo.

Hata hivyo, watafiti hao walikiri kuwa SACD nyingi zilisikika vizuri kuliko CD za kawaida. Sababu waliyoiona ni uangalifu wa mafundi waliorekodi na kuandaa muziki wenyewe. Rekodi iliyofanywa kwa uangalifu hubaki nzuri hata ikiwekwa kwenye CD.

SACD ina faida moja ya kweli: inaweza kutoa sauti kupitia spika zilizozunguka chumba. Giovanni Gabrieli alitunga nyimbo za kwaya zilizosimama mahali tofauti ndani ya Basilika la Mtakatifu Marko, Venice, zikiitikiana. Muziki huo hunufaika na mpangilio huo. Lakini unadai spika tano au zaidi na chumba kinachofaa, na ni wachache wenye navyo.

Kinachotuharibia muziki ni faili za MP3 zilizobanwa mno, zinazopita kutoka simu hadi simu, na spika ndogo zinazomeza sauti ya besi. Hapo tofauti husikika bila kuhitaji mtaalamu. Spika mbili nzuri na chumba chenye mapazia ya kupunguza mwangwi vitatusaidia kuliko mashine mpya.

Tena tukumbuke rekodi ni za kazi gani. Maelekezo ya Vatikano ya mwaka 1958 kuhusu muziki mtakatifu yalikataza kutumia sauti zilizorekodiwa katika ibada, lakini yakaruhusu zitumike nje ya ibada kuwafundishia waamini muziki. Basi frateri asikilize Misa ya Palestrina akiwa na nota mkononi, aifuate sauti ya teno peke yake, kisha arudie afuate besi. Akiweza hivyo, ataisikia pia sauti iliyopotoka katika kwaya ya parokia yake na kuirekebisha. Fedha iliyobaki imlipe mwalimu wa nota.