Tundu la Waya na Redio Yetu

Vijana, wengi wenu mnaitamani simu isiyo na tundu la waya wa masikioni, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ya kisasa. Kampuni ya Apple iliondoa tundu hilo katika iPhone 7 mwaka 2016, na mkubwa wake mmoja, Phil Schiller, akasema lililowasukuma ni ujasiri. (Hapa Rumangabo neno hilo tunawawekea wanaorudi shambani asubuhi baada ya usiku wa risasi.) Samsung ikacheka, kisha nayo ikafuata.

Watu hulalamikia muziki. Hiyo ni hasara ndogo. Iliyo kubwa ni redio. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita 3, na ili kulinasa vema hutakiwa waya wenye robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Simu yenyewe haifikii hata 20. Ndiyo maana ukifungua redio ya simu huambiwa kwanza uchomeke waya: waya ule ndio antena. Visikilizi visivyo na waya haviwezi kazi hiyo, na katika simu nyingi kiunganishi kinachochomekwa penye chaji hakiirudishi redio.

Mkazi wa Brussels atasema kwamba siku hizi redio zote zipo kwenye intaneti. Ni kweli, kwa mwenye mega. Radio Okapi, iliyoanza kusikika Februari 2002, humfikia msikilizaji wa FM bila kumtoza hata faranga moja. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru wakazi wa mitaa 10 ya Goma wahame, na wengi wakapanda barabara hii ya Rutshuru. Aliyelala darasani na watoto wanne alikuwa anunue mega au unga? Na Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme na intaneti vilikatika.

Yupo atakayeshauri tununue redio ndogo ya betri. Shauri jema. Lakini mtazameni mtu anayekimbia: mtoto mgongoni, godoro kichwani, simu mfukoni. Tena usiku, watu walipojilaza sakafuni, redio yenye sauti hutangaza kwamba nyumba ina watu. Waya wa masikioni husema kimya, na hutosha watu wawili.

Coltani ya Rubaya, kule Masisi, hutoa tantali ya vipuri vya simu. Kobalti ya Lualaba huingia katika betri, hata zile ndogo za visikilizi visivyo na waya. Madini yanatoka kwetu, kisha simu inarudi imepunguzwa kitu ambacho sisi ndio tulikihitaji, nasi tunaambiwa ni maendeleo. Sikubali.

Simu nyingi za bei nafuu, zikiwamo za Tecno na itel, bado zina tundu. Mwendapo sokoni chukueni waya mfukoni. Kabla ya kulipa, chomekeni, fungueni redio, tafuteni kituo, msikilize dakika mbili huku simu ikiwa kwenye chaji. Muuzaji akisema tundu ni mambo ya kale, mwombeni awasikilizishe Okapi katika ile mpya, bila mega.