Mchumba Anasoma Sheria Ulaya, Halafu?

Msomaji wangu, kuna jambo ambalo watu hawaambiani wanapoagana uwanja wa ndege: shahada ya sheria inapanda ndege, leseni ya uwakili haipandi. Mtu wa kompyuta anaweza kuandika programu leo akiwa Nairobi na mwakani akiwa Berlin. Wakili hawezi. Uwakili unatolewa na nchi, na kila nchi ina masharti yake.

Nimelileta hili kwa sababu ya barua ninazopata, nyingi za akina dada. Mmoja yuko Dar es Salaam, kazi yake ni nzuri, benki. Mchumba wake yuko Leiden, anachukua masta ya sheria za kimataifa. Mahari imeshatolewa. Sasa jamaa anasema akimaliza harudi kwanza, atabaki "kuitafuta The Hague". Dada anauliza: niache kazi nimfuate?

Dada yangu, tuongee ukweli. Ile masta ya mwaka mmoja, hata kama chuo kina jina kubwa, haimfanyi mtu wakili Uholanzi. Wenyewe wanataka shahada ya kwanza na ya pili ya sheria ya Uholanzi, halafu miaka 3 ya mafunzo chini ya wakili mzoefu. Ujerumani ni mitihani miwili ya serikali, na katikati yake miaka 2 ya kuzungushwa mahakamani na maofisini. Na lugha je? Kijerumani cha kununulia mkate hakitoshi kumtetea mtu kizimbani, jamani.

Uingereza kuna nafuu kidogo, maana sheria zetu na zao zina undugu. Tangu 2021 kuna mtihani unaoitwa SQE. Sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, ya pili ina kazi 16 za vitendo, na ada ya zote mbili inakaribia pauni 5,000. Mwenye shahada tupu anatakiwa pia aonyeshe miaka 2 ya kazi ya kisheria. Lakini aliyekwisha kuwa wakili kwao hadaiwi hiyo miaka 2. Rudia kusoma hapo. Leseni ya nyumbani, ile ambayo vijana wengi wanaiona kama ya kurudi nyuma, ndiyo inayomfupishia njia London.

Haya, The Hague yenyewe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na ndiyo, inapokea vijana wa kujifunza kazi. Wengi wao lakini hawana mshahara, na kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi. Nafasi za kulipwa za ngazi ya P-2 kwa kawaida zinataka uzoefu wa miaka 2, za P-3 miaka 5. Huku kibali cha Uholanzi cha kutafuta kazi baada ya masomo ni mwaka mmoja tu. Piga hesabu mwenyewe.

Tuwaangalie waliofika. Fatou Bensouda alisomea masta ya sheria za bahari Malta, lakini jina alilijenga kwao Gambia, hadi akawa Waziri wa Sheria. Mwaka 2002 akaja Arusha kwenye mahakama ya mauaji ya Rwanda, 2004 akaenda ICC, na kuanzia 2012 hadi 2021 alikuwa Mwendesha Mashtaka Mkuu. Julia Sebutinde wa Uganda aliingia Wizara ya Sheria Kampala mwaka 1978, Edinburgh akaenda baadaye, akarudi akawa jaji nyumbani. Ndipo 2012 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hukohuko The Hague. Wote wawili Ulaya ilikuwa kituo cha njiani.

Kwa hiyo jibu langu. Jamaa akija na mkataba uliosainiwa, mshahara umeandikwa na viza ya mwenza imo, pakia mabegi wala usiniulize mimi. Akija na "nitatafuta tu", usiiache benki. Mwambie kwa upole (sio kwenye simu ya saa sita usiku) arudi na masta yake, apite Law School kama hajapita, aapishwe, aanze kuhesabu miaka ya kazi.

Na kama roho yake iko kwenye mahakama za kimataifa kweli, si lazima avuke bahari kuzianza. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo Arusha tangu 2001, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapohapo tangu 2007. Dar hadi Arusha ni basi la alfajiri, jioni mmeshaonana.