Tusiyasingizie Maziwa

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kwa heshima zote, leo nathubutu kuwapinga. Hapa Ndabibi linasemwa jambo ambalo halipo, wala silioni likija: ati maziwa huleta makamasi na kuziba sainasi, yaani ile mianya ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua na juu ya macho.

Asubuhi za Julai, baridi inaposhuka kutoka milima ya Eburru, utawaona wenzetu kwenye foleni ya chai wakigeuza uso. "Mimi nina sainasi, bwana, nipe strungi!" Nami nilikuwa mmoja wao.

Lililonifungua macho lilitokea nyumbani. Mdogo wangu wa miaka sita alikuwa na pua isiyokauka. Jirani akasema mchawi ni maziwa. Nyanya akaamini, mama akatii, na mtoto akanyimwa maziwa muhula mzima, ilhali ng'ombe wetu wawili walikamwa kila alfajiri. Je, pua ilikauka? Wapi! Mtoto alikonda, makamasi yakabaki palepale.

Kuuliza si ujinga, kwa hivyo nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe imani hii ni kongwe. Tabibu Musa bin Maimuni, aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliwaonya wagonjwa wa pumu kuhusu maziwa. Lakini mwaka wa 1990, watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu 60 walikubali kuambukizwa virusi vya mafua. Kila siku waliandika maziwa waliyokunywa, wengine hata gilasi 11, na makamasi yao yakapimwa kwa mizani. Waliokunywa mengi hawakutoa makamasi kuwashinda wengine. La kuchekesha ni kwamba walioamini maziwa huleta makamasi walilalamika zaidi kwamba wamezibwa, lakini mizani haikuwaunga mkono!

Mbona basi koo huwa zito baada ya kunywa? Maziwa yakichanganyika na mate hufanya utando mzito mdomoni na kooni kwa muda mfupi. Huo si makamasi.

Sisemi kwamba maziwa hayamdhuru mtu yeyote. Wapo wenye mzio wa maziwa, hasa watoto wachanga, na hao wamwone daktari. Wengine maziwa huwasokota tumbo. Lakini tumbo si pua, jamani!

Washukiwa halisi tunaishi nao. Kuna vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, moshi wa kuni jikoni, na virusi vya mafua vinavyozunguka bwenini tunapofunga madirisha yote kwa kuogopa baridi. Mdogo wangu alikuwa akilala jikoni, hatua mbili kutoka mekoni. Mama alipomhamisha na kumrudishia kikombe chake, alianza kupata nafuu.

Sasa nasikia baadhi yetu wanataka kuomba chai ya shule isitiwe maziwa. Tafadhalini, tufikiri kwanza. Kikombe cha mililita 250 za maziwa kina takriban miligramu 300 za kalisi na gramu 8 za protini. Kijana wa umri wetu anahitaji kama miligramu 1,300 za kalisi kwa siku ili mifupa ikomae. Wengi wetu hatupati nyama wala samaki kila siku. Tukiyafukuza maziwa, tutaweka nini mahali pake?

Maoni yangu ni haya: maziwa yachemshwe vizuri na yanywewe, madirisha ya bweni yafunguliwe, na nyumbani tuwaondoe watoto kwenye moshi. Anayeumwa na uso wiki baada ya wiki aende zahanati, asijitibu kwa strungi.

Kalamu naiweka chini. Anayenipinga na ajitokeze, tukutane kwenye foleni ya chai!