Samaki wa jamii moja, kila mmoja na joto lake

Likizo ya Disemba imefika, na hapa Samail wageni kutoka Uingereza na Kanada wameanza kuingia. Watoto wao wanaoga wadini asubuhi na mapema, huku binamu zao wenyeji wamejikunyata ndani ya majaketi. Damu moja, lakini kila mtu na baridi yake.

Samaki nao wamo katika hali hiyo. Maji ya falaji yanatoka chini ya ardhi, kwa hiyo karibu na chanzo joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Kidimbwi cha wadi hupoa Januari na kuwaka Julai. Vile visamaki vinavyotudonoa miguu utavikuta kote kuwili.

Je, ni mazoea au ni kurithi? Wataalamu humtia samaki katika birika refu, upande mmoja maji ya moto, upande wa pili ya baridi, wakatazama anapokaa. Aliyetoka kwenye joto kwa kawaida hukimbilia joto kwanza. Akiachwa siku moja au zaidi, mara nyingi husogea mpaka kwenye kiwango kinachoifaa spishi yake. Hayo ni mazoea. Kujua kilichorithiwa, mayai ya samaki wa pande zote mbili hulelewa katika maji ya joto moja. Tofauti ikibaki, imo kwenye damu.

Kule Ziwa Magadi, Kenya, perege wadogo wanaishi kwenye maji ya chemchemi yanayopita nyuzi 40, na walipopimwa walistahimili mpaka kama 45. Lakini kustahimili si kupenda.

Wazazi, hili linatuhusu. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Chupa ikiachwa garini hupata moto, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo, basi samaki hukosa pumzi. Ukimmwaga ghafla kwenye maji ya baridi, anashtuka na anaweza kufa. Wa dukani naye asimwagwe falajini.

Bora wanetu wachukue kipimajoto, si chupa. Wapime falaji na kidimbwi, asubuhi na adhuhuri, waandike samaki wamekusanyika wapi. Wakirudi skuli London au Toronto, watakuwa na la kusimulia, na samaki watakuwa wangali hai.