Godoro kuukuu halifai kwenye boneti

Wazazi wenzangu, gari la familia likishafika umri wa mtoto wa darasa la saba, fungua boneti uitazame upande wake wa ndani. Ile kapeti nyeusi iliyobanwa pale mara nyingi imeshachoka. Imening'inia, imelowa oili, au panya wameinyofoa kujengea kiota. Wengi wetu hufunga boneti tukaendelea na safari ya shule.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa yetu. Kipande kilidondoka karibu na bomba la moshi, tukaanza kusikia harufu ya kuungua. Kijana wangu wa kidato cha pili, anayependa ufundi, akatoka stoo na kipande cha godoro lake la zamani.

"Baba, hiki si kinatosha? Tunakata, tunabandika kwa gundi."

Moyo wake wa kubana matumizi niliupenda, lakini ilibidi nikatae, nikamweleza sababu.

Kapeti ya boneti hupunguza kelele za injini na kukinga rangi ya gari isiharibiwe na joto. Hutengenezwa kwa malighafi inayohimili joto, mara nyingi nyuzi za kioo. Sponji ya godoro hushika moto upesi, na moshi wake una sumu. Kuiweka juu ya injini, watoto wakiwa wamekaa kiti cha nyuma, ni hatari kubwa. Blanketi kuukuu na zulia la sebuleni navyo usiviweke.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani:

1. Zima injini, iache ipoe kabisa. Hakikisha nondo ya boneti imesimama imara. Watoto wadogo wakae mbali.

2. Vaa glavu, barakoa, miwani na shati la mikono mirefu. Nyuzi za kioo huwasha ngozi, macho na koo.

3. Ng'oa vibanio vya plastiki taratibu kwa bisibisi bapa. Vikizeeka huvunjika, kwa hiyo nunua vya akiba. Angalia pia mpira wa maji ya kuoshea kioo, maana kwenye magari mengi unapita hapo hapo.

4. Tia kapeti kuukuu moja kwa moja kwenye mfuko, ufunge. Usiikung'ute uani, wala usiichome.

5. Futa boneti kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ikauke.

6. Weka kapeti mpya ya aina ya gari lako. Kama ina upande unaong'aa, huo utazame injini. Kama ni ya kubandika, tumia gundi inayohimili joto.

7. Shusha boneti polepole, uifungue tena. Kapeti isiguse mkanda, feni wala bomba la moshi.

Ukimaliza, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Usimbebe mtoto mchanga kabla hujaoga, kwa sababu nyuzi zile hubaki kwenye nguo na kumwasha.

Na kama hela ya kapeti haijapatikana? Toa ile iliyochakaa, uendeshe bila kapeti mpaka mambo yakae sawa. Kelele zitaongezeka kidogo, na rangi ya boneti inaweza kufifia mapema, lakini hayo yanavumilika. Bora boneti tupu kuliko boneti yenye godoro.

Kijana wangu ndiye aliyebana vibanio vyote, mimi nikishika kapeti. Alipomaliza aliniuliza, "Baba, na gari la jirani? Mwezi uliopita nilimwona akikata sponji."

Jioni ile tukaenda wote wawili kumbishia hodi.