Si Kila Kilio ni Njaa

Mama, siku ya kupima watoto tunasikia neno hili mara nyingi: "Maziwa yangu hayatoshi. Mtoto ananyonya, halafu analia." Tunamweka mtoto kwenye mzani, tunaona uzito umeongezeka vizuri. Tunauliza, anakojoa mara ngapi? Mama anahesabu kwa vidole: mara 7, pengine 8. Basi mtoto huyo ameshiba. Mtoto aliyepita juma la kwanza, anayenyonya maziwa ya mama tu, akikojoa mara 6 au zaidi mchana na usiku, na uzito wake ukiendelea kupanda, anapata maziwa ya kutosha. Sasa mbona analia? Mara nyingi analia kwa sababu amechoka, anataka kulala, na watu wote nyumbani wanamchezesha.

Ninaandika neno hili kwa sababu naona hasara yake. Kilio cha uchovu kikiitwa njaa, mtu anasema, "Mpe uji kidogo." Mtoto ana miezi 2 tu. Uji unapikwa, unabaki katika kikombe mpaka jua linazama, nzi wanatua juu yake. Baada ya siku chache mtoto anaharisha. Tena mtoto aliyejazwa uji hanyonyi sana, na ziwa lisilonyonywa linapunguza maziwa. Ndipo lile neno "maziwa hayatoshi" linapokuwa kweli, lakini ni sisi tuliolifanya kuwa kweli. Mpaka atimize miezi 6 mtoto hahitaji chakula kingine, wala maji.

Wengine watanijibu: "Lakini alipopewa uji alilala!" Ndiyo, alilala. Alikuwa amechoka. Angelala vilevile kama ungemtoa penye kelele na kumfunga mgongoni. Uji ulipata sifa isiyo yake.

Mimi mwenyewe nilikosa hivi kwa mtoto wangu wa kwanza, na wakati ule nilikuwa nimekwisha kujifunza kazi ya uganga. Kila jioni alilia. Nilimpa ziwa, akaligeuzia uso. Nilimrusha-rusha, nikampigia makofi, nikamwita jirani amshike, nikaileta taa karibu ili nione kama ana kipele. Tulivyozidi kumbembeleza ndivyo alivyozidi kulia. Mama mkwe wangu alikuja kututazama. Hakusema mengi. Alimfunga mgongoni, akaenda kusimama nyuma ya nyumba penye giza, akatembea polepole. Mtoto alilala kabla maji ya bugali hayajachemka. (Mnaona kwamba si nyanya wote wanaoleta uji.)

Kilio ni alama ya mwisho. Kabla ya kilio mtoto amekwisha kusema kwa mwili wake, nasi hatukumtazama. Kwanza anatulia. Dakika chache zilizopita alikuwa akikutazama usoni na kurusha miguu; sasa anatazama mbali, kama mtu anayefikiri deni lake. Ukicheka naye anageuza uso. Hapo watu wanasema, "Amekasirika," au, "Hapendi mgeni." Sivyo, anakuambia inatosha. Halafu kope zinakuwa nzito, anapiga miayo. Mtoto aliyekua kidogo anasugua macho kwa ngumi, au anavuta sikio lake. Huo ndio wakati wa kumlaza. Ukiacha wakati huo upite, anakunja ngumi, anashtuka-shtuka, anakunja mgongo kwa nyuma, kisha anapaza sauti. Mtoto aliyefika hapo ni vigumu kumlaza, hata kama usingizi umemjaa.

Mwenye njaa anafanya namna nyingine. Ukigusa shavu lake anageuza kichwa upande ule na kufungua mdomo. Anatoa ulimi, anatafuta kifuani mwa kila mtu anayemshika, hata mwa baba yake. Lakini angalia, mkono mdomoni peke yake haukuambii kitu, maana mwenye usingizi naye ananyonya vidole. Basi ujiulize: alinyonya lini? Na aliamka lini? Mtoto wa majuma ya kwanza hawezi kukaa macho zaidi ya saa 1 hivi, pamoja na wakati wa kunyonya. Mara nyingi hafiki hapo. Wa miezi 3 au 4 anaweza saa 1 na nusu, au 2. Katika siku nzima mtoto mchanga analala jumla ya saa 16 hivi, lakini kwa vipande vipande, wala hajui bado kutenga usiku na mchana. Na kama una mashaka, mpe ziwa kwanza. Ziwa halimdhuru, na kulala akinyonya si kosa.

Akisinzia, mtoe penye redio na mazungumzo. Ukimbeba mgongoni, uso wake ugeuke upande mmoja, na kitambaa kisifunike pua. Ukimlaza, alale chali, chini ya chandarua chenye dawa, bila mto wala nguo nyingi karibu na uso. Zamani wengi walifundishwa kumlaza kwa tumbo. Tangu miaka ya 1990, katika nchi nyingi ambako wazazi walifundishwa kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafula usingizini vilipungua sana. Akijinyoosha, akikunja uso, akinyonya hewa, hata akilia kidogo macho yakiwa yamefungwa, usimwinue mara moja. Kwa mtoto mchanga karibu nusu ya usingizi iko hivyo. Ngoja kidogo, pengine ataendelea. Na usimpe kamwe dawa ya kikohozi wala dawa nyingine ili alale. Dawa kama hizo zinaweza kuzuia pumzi yake.

Sasa nina neno kwa wengine, si kwa mama. Siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani, mtoto mchanga anapita mkono kwa mkono: mama wa kwaya, mke wa mzee wa kanisa, wasichana, wageni. Kila mmoja anamtikisa na kumwimbia. Mama anaona macho ya mtoto yamechoka, lakini anaogopa kumwomba, maana watasema ana kiburi, au anawadhania watu mabaya. Hii haifai. Mama anayemchukua mtoto wake na kwenda kivulini hakumtukana mtu. Atoke hata katikati ya mahubiri. Atoke hata kama mgeni ametembea siku nzima kuja kumwona; mgeni atamwona kesho. Nanyi wababa, msiseme kulaza mtoto ni kazi ya wanawake. Jioni mama anapopika, mgongo wako ni mpana kuliko wake. Jifunze alama hizi, umchukue kabla hajalia.

Lakini, mama, kuna usingizi ambao si usingizi, na huu nataka uujue vizuri kuliko yote niliyoandika. Mtoto mwenye afya ukimgusa nyayo na kumfunua nguo ataamka, atakunja uso, atanyonya. Mtoto mgonjwa analegea mkononi kama kitambaa chenye maji. Unamwita, haamki, unampa ziwa, hanyonyi. Pengine mwili ni moto, au ni baridi kuliko kawaida. Pengine anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au mwili unamtingishika. Usiseme, "Leo amelala vizuri, tumshukuru." Mtu mmoja awashe taa na kutangulia, wewe ukimbebe kifuani penye joto, ukimnyonyesha njiani kama anaweza kumeza. Mlete usiku huohuo. Pigeni hodi mlangoni mpaka mganga wa zamu aamke.