Kisanduku chekundu cha "batoto"

Anayelinganisha Kiswahili sanifu na Kiswahili tunachozungumza hapa Goma huwa na mchoro mmoja tayari kichwani. Juu, kisanduku kikubwa cha kijani: "watoto wanakuja". Chini yake kingine, kidogo, chekundu: "batoto banakuya". Mshale unashuka kutoka cha kwanza hadi cha pili.

Mimi pia niliuchora hivyo, kwa LaTeX, huku maelezo yangu yakisema kwamba pande zote mbili zinafuata upatanisho ule ule: wa- kwa wa-, ba- kwa ba-. Maneno yalikuwa ya mwanaisimu, rangi zilikuwa za mwalimu anayesahihisha imla.

Naomba tuuache mchoro huo. Wino mwekundu kwetu ni kosa tangu shule ya msingi. Na mshale ule unadai kwamba ba- ni wa- iliyoharibika, wakati wataalamu wa Kibantu wanakijenga upya kiambishi cha ngeli ya 2 kuwa *ba-. Iliyobadilika ni wa-. Kihunde, Kinande na Kinyarwanda, majirani zetu, bado wana ba- yao.

Basi tuviweke sambamba. Hapo nia njema haitoshi, kwa sababu TikZ, tunayochorea ndani ya LaTeX, hukipa kila kisanduku ukubwa wa maandishi yake. Herufi b ni ndefu kuliko w, kwa hiyo kisanduku cha "ba" hutoka kirefu kuliko cha "wa"; y ina mkia, nacho kisanduku chake hurefuka kwa chini. Ukivipanga kwa right=of, vinalingana kwa vitovu, na silabi zinapanda na kushuka kama barabara zetu za mawe ya volkano. Tumia base right=of, maneno yote yatakaa mstari mmoja. Kisha vipe visanduku vyote text height moja na text depth moja, vitakuwa na kimo kimoja. Upana uachie neno lenyewe: ukilazimisha sentimita 3 kila mahali, kiambishi cha herufi 2 kitaelea kama mtumbwi ziwani.

Kuhusu rangi, kazi zetu nyingi huishia kwenye fotokopi, ambako kijani na nyekundu hugeuka kijivu kile kile. Mpaka wa mstari mzima na mpaka wa nukta vinatofautisha vizuri zaidi, wala havimhukumu mtu.

Kuna watakaosema natetea uzembe, kwamba sanifu lazima ifundishwe. Ifundishwe, ndiyo ninayoiandika hapa. Lakini Katiba ya 2006 inapotaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, wanaokizungumza ni pamoja na mama anayeuza sambaza pale Virunga na kusema "batoto".

Mchoro wangu nimeuchora upya. Juu iko *ba-, na mishale miwili inashuka kwenye visanduku viwili vya kimo kimoja. Kilichonisumbua ni nani akae kushoto. Nimeweka ba-, kwa kufuata alfabeti.